Laki Tatu Kwenye Dashibodi

Ukitaka kuwatimua wanunuzi wa magari, waonyeshe odometa inayosoma 300,000. Hawaulizi gari lilikuwa linakwenda wapi, nani alikuwa analiendesha, wala oili ilimwagwa mara ya mwisho lini. Wanasoma namba, wanaguna, wanahamia kwa jirani yake la kilometa 90,000 lililopakwa polishi mpaka kwenye matairi. Kila anayeguna na kuondoka, bei ya lile la kwanza inaporomoka zaidi. Hapo ndipo familia kama yetu, yenye watoto watatu na fedha za kuhesabu, inapopata upenyo.

Sisemi kilometa hazina maana. Nasema zinapima kitu kimoja tu, umbali, na injini haichoshwi na umbali peke yake. Piga hesabu ndogo. Gari la safari ndefu, linalokwenda kwa wastani wa kilometa 80 kwa saa, hufikisha 300,000 baada ya injini kunguruma saa 3,750. Gari la foleni, ambalo wastani wake ukijumlisha kusimama kwenye mataa ni kilometa 20 kwa saa, hufika 90,000 likiwa limefanya kazi saa 4,500. Kumbe lile linaloitwa "bado bichi" ndilo lililokesha kazini. Na ndani ya saa hizo limewashwa likiwa la baridi mara nyingi zaidi, limekanyagwa breki zaidi, limebadilisha gia zaidi, na milango yake imebamizwa zaidi.

Huko kuwashwa kwa baridi ndiko kunakoimaliza injini taratibu. Gari likilala, oili nyingi huteremka chini kwenye sampo, beseni la oili chini ya injini. Ukiwasha, kwa muda mfupi wa mwanzo vyuma vinasuguana vikitegemea utando mwembamba uliobaki, huku kompyuta ikimwaga petroli nyingi kuliko kawaida mpaka injini ipate joto. Sehemu ya petroli hiyo hupenya na kuchanganyika na oili, pamoja na maji yanayotokana na kuungua kwake. Safari ndefu huipasha oili moto wa kutosha hadi maji na petroli hiyo vikayeyuka na kutoka. Safari ya kilometa mbili haifanyi hivyo. Rudia safari hizo fupi kwa miaka, cheleweshea gari sevisi kwa sababu "mbona kilometa bado chache", na ukifungua kifuniko cha vali utakuta tope jeusi limeganda.

Mfano unaopendwa na sisi wa magari makuukuu ni wa Irv Gordon, mwalimu Mmarekani aliyenunua Volvo P1800S jipya mwaka 1966. Safari yake ya kwenda kazini ilikuwa ndefu, alipenda kusafiri, na alifuata ratiba ya matengenezo bila kuruka. Mwaka 2013 gari hilo lilitimiza maili milioni 3, yaani takriban kilometa milioni 4.8, naye akiwa bado ndiye mwenye usukani. Alifariki mwaka 2018. Mfano huu hauna maana kwamba kila gari litafika huko, na injini yake nayo ilifunguliwa na kusukwa upya njiani. Ila unaonyesha kwamba laki tatu si mahali ambapo chuma kinajua kuwa kimefika mwisho. Tofauti kubwa kati ya Gordon na sisi ni kwamba yeye alilijua gari lake tangu kilometa ya kwanza. Sisi tunaingia katikati, na kazi yetu ni kudadisi yaliyotangulia.

Ndiyo maana gari tulilonunua hatukulichagua kwa odometa wala kwa rangi. Tulilichagua kwa daftari.

Ni la viti saba, la petroli, gia otomatiki, odometa ilikuwa imepita 300,000. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyefanya kazi mji mmoja na kuishi mwingine, akienda na kurudi kwa barabara kuu. Nilipomuuliza kuhusu matengenezo hakuanza kuapa kwamba gari "halijawahi kusumbua", kauli ambayo kwangu ni kengele ya hatari, kwani gari la umri ule lisilowahi kusumbua ni gari ambalo hakuna aliyelitazama. Alifungua kisanduku cha dashibodi akatoa daftari la shule la mistari, jalada limeloa oili kwenye pembe. Kila ukurasa una safu tatu zilizochorwa kwa rula: tarehe, kilometa, kilichofanyika. Kalamu zinabadilika, nyeusi, bluu, mahali fulani penseli. "Oili na kichujio." "Plagi zote 4." "Padi za mbele." Na katikati ya ukurasa mmoja mstari uliofanya nimtazame mume wangu: "Mpira wa rejeta umepasuka. Nimezima, nimevutwa hadi kwa fundi."

Mstari huo ulikuwa na thamani kuliko polishi yote ya magari mengine. Injini nyingi hazifi kwa mpira wa rejeta kupasuka, zinakufa kwa dereva kuendelea. Geji ya joto inapanda, yeye anajiambia "nimebakiza kidogo nifike", silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, na gari linauzwa wiki inayofuata kabla tatizo halijajitokeza vizuri. Huyu mama aliona joto, akazima, akakubali aibu ya kuvutwa kwa kamba.

Daftari lilitusaidia pia kwa jambo jingine. Kurudisha kilometa nyuma ni utapeli wa zamani, na odometa za kidijitali hazikuukomesha. Kuna vifaa vya kuandika upya namba hiyo kwa dakika chache, ingawa katika magari mengi namba ya zamani hubaki imejificha kwenye kompyuta nyingine za gari, na fundi mwenye mashine nzuri anaweza kuichimbua. Watu hudhani namba kubwa ni ya kweli kwa kuwa hakuna tapeli anayejitangazia laki tatu. Wapo, wale waliotoka laki nne na nusu. Kwa hiyo linganisha namba na mwili. Raba za pedali zimelika upande upi? Usukani unang'aa pale mikono inaposhika? Ukingo wa kiti cha dereva, ule unaosuguliwa kila anaposhuka, umechakaa kiasi gani? Pedali zilizolika hadi chuma na odometa ya 80,000 haviwezi kuwa vya gari moja.

Fundi tuliyekwenda naye si mtu wa maneno mengi. Sharti lake lilikuwa moja, na alinituma nimpigie muuzaji simu mapema kumwambia: gari lisiwashwe kabla hatujafika. Tulipofika, kabla hata ya salamu kuisha, kiganja chake kilikuwa tayari juu ya boneti. Baridi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gari lililopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika linaficha mengi: stata inayojivuta, betri iliyochoka, cheni ya taimingi inayogonga sekunde za mwanzo, moshi wa asubuhi.

Akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza, akatazama upande wa ndani. Oili kuwa nyeusi hakumtishi, oili inayofanya kazi huwa nyeusi. Anachotafuta ni utando wa rangi ya kahawa yenye maziwa, alama kwamba maji yamekutana na oili. Kidogo chake kwenye gari la safari fupi kinaweza kuwa mvuke tu, lakini kikionekana pia kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, yeye hufunga boneti na kuaga. Kisha akafungua kifuniko cha rejeta, jambo la kufanya injini ikiwa baridi tu, kwa sababu ya moto hurusha maji yanayochemka usoni. Maji yalikuwa na rangi yake ya kijani, hayana kutu, hayana macho ya mafuta yanayoelea.

"Dada, ingia uwashe. Usikanyage mafuta."

Nikawasha. Yeye alikuwa nyuma, amechuchumaa kwenye ekzosi. Pumzi moja ya moshi wa bluu, ikapotea. Akaniambia nizime, nisubiri, niwashe tena. Hakukuwa na kitu. Maelezo yake aliyatoa baadaye tukiwa njiani: bluu kidogo baada ya gari kulala ni sili za vali zilizokauka, oili inadondoka usiku kwenye silinda, na mtu anaweza kuishi nalo kwa miaka mradi apime oili. Bluu inayoongezeka kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni, na hapo unazungumzia kuifungua injini. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni maji ya kawaida ya ekzosi. Mweupe mzito usiokatika hata gari likipata moto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua ndani. Mweusi kwenye gari la petroli ni mafuta mengi kupita kiasi, na mara nyingi tiba yake si ghali.

Halafu akatoa kifaa kidogo cha kusomea kompyuta. Magari mapya yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na tundu la OBD-II, la kuchomekea kifaa kama hicho, tangu mwaka 1996, na ya petroli katika Umoja wa Ulaya tangu 2001, kwa hiyo gari kuukuu la leo karibu lolote utalikuta nalo chini ya usukani. Wengi wanajua kifaa hicho husoma hitilafu. Wachache wanajua kwamba husoma pia ujanja. Mtu akifuta kumbukumbu ya hitilafu ili taa ya injini izime, kompyuta hulazimika kuanza upya majaribio yake ya ndani, na hadi gari liendeshwe vya kutosha yataonekana "hayajakamilika". Magari mengi huonyesha hata kilometa zilizokwenda tangu kufutwa. Gari jingine tuliloliona kabla ya hili, safi, linanukia manukato ya kuning'inizwa kwenye kioo, lilikuwa limefutwa kilometa 4 zilizopita. Fundi alimrudishia muuzaji ufunguo kwa adabu zote, tukaondoka. Na usisahau jaribio lisilohitaji kifaa: ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake kisha izime gari likiwaka. Isipowaka kabisa, balbu imeungua, au kuna mtu ameitoa au kuifunika.

Sasa giaboksi, kwa maana hapa ndipo gari la bei poa linapoweza kugeuka kuwa gari la bei mbaya kwa asubuhi moja. Injini iliyochoka hukupa ishara na muda wa kujipanga. Giaboksi ya otomatiki huweza kuwa nzima Jumatatu na Alhamisi ikakataa kurudi nyuma, na kuisuka upya kunaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe. Watengenezaji kadhaa wameandika kwenye vitabu vyao kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha. Maisha ya nani, hawakuandika. Ukisikia muuzaji anarudia kauli hiyo kwa gari lenye laki tatu, jua oili iliyomo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Kwenye daftari la yule mama palikuwa na mistari ya oili ya giaboksi, na jina la oili limeandikwa, jambo ambalo fundi alilisoma kwa kidole mara mbili, kwa sababu giaboksi za CVT, zile za otomatiki zisizo na hatua za gia, zinataka oili yao maalumu na ukiweka ya otomatiki ya kawaida unaziua.

Tulitia tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nzuri ya otomatiki kwa kawaida huwa nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa kahawia iliyokolea na inanuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuliwa, na oili mpya haifufui klachi zilizokwisha. Hii ilikuwa imefifia, lakini haikuwa na harufu. Kisha jaribio la mguu kwenye breki: toka P (kuegesha) kwenda R (kurudi nyuma), kutoka R kwenda D (kwenda mbele), ukihesabu kimya kimya muda gari linavyochukua kushika na kusikiliza kama linashtuka. Mlimani, sikiliza kama injini inapandisha mlio bila gari kuongeza mwendo. Na ukishaendesha nusu saa, rudia yote gari likiwa la moto. Giaboksi nyingi mbovu hujificha zikiwa baridi, kwa hiyo mzunguko wa dakika tano kuzunguka mtaa haukuambii kitu, na muuzaji anayekatalia zaidi ya hapo ameshajibu swali lako.

Mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, nitausema kwa ufupi. Kama injini inatumia mkanda na si cheni, kitabu cha gari kitakwambia ubadilishwe kila baada ya kilometa ngapi, mara nyingi kati ya 100,000 na 160,000. Ukikatika kwenye injini ambayo vali na pistoni zinapishana nafasi, vinagongana na hedi inaharibika. Bila risiti au maandishi, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate gharama yake kwenye bei. Neno la mdomo halihesabiki.

Bodi nayo ina yake. Kutu ya juu juu kwenye mlango ni sura tu. Kutu kwenye chesisi, kwenye vizingiti chini ya milango, na pale shokapu zinapofungwa, hiyo ni gari linalokatika. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake: tope au alama ya maji kwenye kipande ambacho hakuna anayekifikia kwa kawaida hueleza mafuriko ambayo kapeti mpya zimeficha. Tazama nati za mabawa ya mbele kama rangi yake imekwaruzwa na spana, ishara kwamba yaliwahi kufunguliwa. Na namba ya chesisi, ambayo kwa magari mengi ina herufi na tarakimu 17, ifanane kwenye dashibodi, kwenye bodi na kwenye kadi. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa kwenye namba hizo za 17, kwa hiyo ukiziona, mtu amechonga mwenyewe.

Kwa kuwa gari lilikuwa la watoto, kuna mambo ambayo nisingeyalegeza hata kwa punguzo. Mkanda wa kati wa kiti cha nyuma lazima uwe wa bega na kiuno, si wa kiuno peke yake. Vishikizo vya ISOFIX vya kufungia kiti cha mtoto viwepo, na niliviingiza kidole kuvishika, kwani vibandiko hubaki hata kiti kikishabadilishwa. Matairi yana msimbo wa tarakimu nne ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Kashata nzuri ya tairi haina maana kama mpira wenyewe umezeeka na kupasukapasuka.

Jambo la mifuko ya hewa wengi hulipita. Vijazio vya kampuni ya Takata, yaani vile vinavyoijaza mifuko hiyo hewa, vilitumia kemikali ya amonia naitreti ambayo huharibika taratibu kwa joto na unyevu, na katika ajali kijazio kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva na abiria. Makumi ya mamilioni ya magari ya kampuni nyingi yameitwa kurudi kutengenezwa, na yanayohusika ni hasa yale ya umri tunaoununua sisi wa fedha kidogo. Ukiandika namba ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji unaweza kuona kama gari lako limo na kama limeshafanyiwa kazi. Matengenezo yenyewe ni bure. Nililifanya hilo nikiwa nimekaa ndani ya gari, kabla ya neno lolote la bei.

Watoto nao walikuwa na ukaguzi wao. Walikalia viti vya nyuma kabisa, wakagombania dirisha, mkubwa akalalamika magoti. Tukaona ni kawaida.

Kwenye bei, sikuigusa odometa. Muuzaji wa gari la laki tatu ameshasikia wimbo huo kutoka kwa kila aliyekuja, na ameshaupunguzia kwenye bei anayotaja. Nikamsomea alichokiandika fundi: matairi mawili ya nyuma yamezeeka, bushi za mbele zinagonga kwenye matuta, usukani unavuja kidogo kwenye reki, oili ya breki ni nyeusi. "Mama, haya yote tutayafanya sisi mwezi huu," nikamwambia. Alilichukua lile karatasi, akalisoma mwenyewe, akasema la reki hakulijua, mengine anayajua. Akashusha. Hakushusha kama nilivyotaka, lakini alishusha kwa sababu ya vitu vinavyoonekana, na hakuna aliyeondoka akihisi amedharauliwa.

Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumegawa fedha zetu mafungu mawili, theluthi mbili za kununulia na theluthi moja isiyoguswa. Anayetumia zote kwa muuzaji amenunua gari asiloweza kuliendesha. Theluthi yetu ilikwenda kwenye oili ya injini na vichujio vyote, maji ya rejeta, oili ya breki ambayo hunyonya unyevu hewani na inataka kubadilishwa karibu kila miaka miwili, matairi, bushi, na plagi. Baada ya hapo gari lilitulia kwa namna ambayo hata fundi aliitaja, naye si mtu wa kusifu.

Linakula oili kidogo, kama moshi ule wa asubuhi ulivyotuambia. Kila Jumamosi ninavuta dipstiki, nafuta, nachovya, nasoma. Lita moja ya akiba inakaa nyuma ya kiti. Wiki mbili hizi kuna mngurumo unaoongezeka na mwendo na kupungua nikikata kona kushoto, ambao ni beringi ya gurudumu la kushoto mbele, na spea yake imeshaagizwa. Vitu vya magurudumu, breki na shokapu tutaendelea kuvibadilisha bila kuumiza kichwa, maana hivyo ndivyo umbali unavyovila kweli, na vinanunulika. Injini ikianza kuchemsha au giaboksi ikianza kuteleza, hatutaifungua: tutaliuza kama lilivyo, kwa bei ya spea, na anayenunua ataelezwa ni nini kimekufa. Tulikubaliana hivyo mimi na mume wangu usiku wa kabla ya kulipa, na kiasi tulichokuwa tayari kupoteza tukakiandika.